Namba Niliyoiandika Mlangoni kwa Mama

Likasi, Kikula,
14 Machi 2024

Mpendwa mdogo wangu Viviane,

Pokea salamu zangu huko Liège. Hujambo? Ule mgongo uliokuwa ukikusumbua kwa kuwainua wale wazee unaowatunza, umepoa? Na baridi je? Sisi huku tunapumua. Mvua bado ipo, umeme unakuja unapotaka. Mama, au Kambo kama Estelle anavyomwita bibi yake, anatembea, anakula, anagomba kama kawaida. Binti yako Estelle ameng'oka meno mawili ya mbele na anacheka akiwa ameziba mdomo.

Barua hii anaileta Adolphe, anayesafiri kuja huko, maana kwa simu ningeshindwa. Nimejaribu mara tatu. Ukiitika tu, nakuuliza habari za hali ya hewa. Tafadhali kaa kwanza ndipo uendelee kusoma.

Unakumbuka wiki ile kabla hujasafiri, miaka mitatu iliyopita, ulivyoniuliza kama chumba cha Mama kinafaa kwa mtoto? Watu walikuwa wakisema mawe ya ukuta ule, ambayo marehemu baba aliyaleta kwa lori kutoka shimo la zamani la madini njia ya Kambove, yana mionzi. Nikatoa kile kipimo cha mionzi cha baba, chenye mshale, alichopewa alipostaafu maabara ya kiwanda. Nikakiweka ukutani, penye kichwa cha kitanda. Mshale ukasimama kwenye 0,2. Kitabu changu kilisema 0,2 mikrosievert kwa saa ni kawaida, hata barabarani utaipata. Nikaandika 0,2 kwa chaki juu ya mlango, kama wanavyoandika watu wa chanjo ya polio wakishapita. Ulinishukuru. Ukapanda ndege.

Wewe unajua ninavyofundisha fizikia. Uzito wa elektroni ni 9,11 mara kumi kwa kipeo cha hasi thelathini na moja, kilo. Ukiugeuza kuwa nishati ni 0,511 MeV. Protoni ni 938. Nazitaja bila kitabu, kama Mama anavyotaja watakatifu. Na kila mwaka natoa sifuri kwa mwanafunzi anayeandika namba bila kizio chake, ile unité. Sina huruma kwa hilo, wananiita Monsieur Zéro.

Mwezi uliopita nilimpa sifuri Plamedie, yule binti wa majirani ambao nyumba yao, ya mawe yale yale, nayo niliipima siku ile. Alikuwa ameandika 938 peke yake. Hakulia. Alisimama akaniuliza mbele ya darasa zima: «Prof, na ile zéro virgule deux uliandika ku mulango yetu, unité yake ni nini?»

Wakacheka. Nami nikacheka. Kisha nikafungua mdomo nimjibu, nikaona sijui.

Nilitoka darasani kabla ya kengele, nikaenda moja kwa moja kukitazama kile kipimo. Viviane, chini ya mshale kumeandikwa milirontgen, si mikrosievert. Milirontgen moja ni kama mikrosievert kumi. Na kile kitufe cha pembeni kilikuwa kwenye «mara kumi», yaani kila namba ya mshale izidishwe, vumbi limekifunika, sikukigusa wala sikukitazama siku ile. Kwa hiyo 0,2 yangu ilikuwa ishirini. Mara mia. Mimi, Monsieur Zéro.

Nilipima upya nikiomba mshale ukatae. Haukukataa. Saa kumi kwa siku kitandani, siku mia tatu sitini na tano: inatoka milisievert sabini na tatu kwa mwaka, na kitabu kinampa mtu wa kawaida moja tu. Sasa zidisha kwa miaka mitatu, mimi mkono umekataa kuiandika. Na upande wa ukutani analala Estelle, maana Mama anaogopa asianguke.

Nilimpeleka hospitali. Daktari alisema damu yake ni nzuri kwa leo. Nilipomuuliza kuhusu kesho aliinua mabega. Nimemchukia kwa yale mabega, ingawa hana kosa lolote.

Kwa kina Plamedie nilikwenda nikakiri, na jioni ile ile walihamia chumba cha mbele. Mama ndiye amenishinda. Nilisogeza kitanda, akakirudisha. Nilimchukua Estelle kwangu, siku ya pili Mama akaja kumfuata kwa miguu, na jua lile. Nilimweleza vitufe, vipimo, kila kitu. Akasikiliza vizuri hadi mwisho, akasema: «Ni weye njo ulipima. Weye njo ulisema iko muzuri. Leo unasema bwana yangu alijenga sumu? Minye siende fasi yoyote, sitoke humu.»

Anamwamini yule Evariste wa miaka mitatu iliyopita, na mimi siwezi kumwondoa. Nimechoka, mdogo wangu. Nikisimama mbele ya ubao nafungua kitabu kwanza kabla ya kuandika hata kilo.

Nakuomba mpigie wewe. Usimweleze habari za mionzi. Mwambie tu kwamba wewe, mama wa mtoto, umesema Estelle asilale tena chumba kile, basi. Hilo hawezi kulikataa. Na ukitaka kuja kumchukua, njoo. Ukitaka kunitukana, anza na hilo.

Ndugu yetu Symphorien na mkewe Mathilde wanakusalimu, hawajui bado. Mama anakusalimu, anauliza kama unasali. Mungu akufunike, na amfunike huyu mtoto pale ambapo mimi nilimwacha wazi.

Estelle pia anakusalimu. Jumapili nilipanda kiti nikaifuta ile namba kwa kitambaa cha maji mpaka mbao ikabaki nyeupe. Leo asubuhi nimekuta 0,2 imerudi, chini kabisa mlangoni, pale mkono wake unapofika. Alikuwa amesimama pembeni na chaki yangu, amesahau hata kuziba meno. «Yomba, ulifuta namba ya Kambo,» akaniambia. «Nilirudisha, asiogope.»

Wako akupendaye, ukinikubali bado,
yaya yako, kaka mkubwa, Evariste