Hisabati ya Juu na Upondo Ulionasa Topeni

Mjukuu wangu Mwanaidi,

Sisi tu wazima. Ushirika alikofanya kazi baba yako umefungwa, na sasa anauza mitumba hapa Kibiti. Tangu uniulize kama uchukue hisabati ya juu au ile nyepesi huko kidato cha tano, sijatulia.

Ujanani, kule delta, nilichagua upondo wa kusukumia mtumbwi, mrefu kuliko wa wenzangu. Ukanasa topeni. Mjomba akanipigia kelele, "Uache, bwege! Tutaurudia!" Kwa kuona haya nikaung'ang'ania. Mtumbwi ukaenda zake, nami nikatumbukia.

Chukua ya juu, kwa kuwa unaipenda. Ikikushinda, hamia nyepesi mapema. Siogopi ugumu wake, mama. Naogopa kwamba utakwama, utaona haya kuniandikia, na mimi nitaarifiwa na matokeo.

Babu yako