Mbavu Saba za Sakafu ya Baba

Nyumba ya kona,
Nyuma ya ghala la saruji,
S.L.P. 37.

Jumapili, tarehe 14 mwezi wa sita.

Mpendwa kaka yangu,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na wifi na wanangu wote, na kwamba lile goti lako lililokuwa likikusumbua limepoa. Huku mimi sijambo, mwili hauna shida. Habari za Baba usiniulize kwanza. Nikianza na hizo barua itaishia hapa hapa, na nimekaa tangu asubuhi nikijikaza niiandike yote.

Samahani kwa ukimya. Najua umepiga simu mara nne nami nikakujibu "tupo, tunaendelea", kama ninavyowajibu watu dirishani kazini ninapotaka waondoke. Jambo lenyewe halisemeki kwenye simu. Nimeona bora niliandike, ili ukitaka kunitukana unitukane ukiwa umeshasoma mpaka mwisho.

Unakumbuka tulipoiacha karakana ya Baba, vyombo vyote vililetwa nyumbani. Hujaona yaliyofuata. Benchi la kazi lilikaa sebuleni mahali pa kochi, misumeno ukutani badala ya picha, na mgeni akija anatafuta pa kukalia katikati ya randa na makopo ya gundi. Jirani yetu wa mkono wa kulia, yule tunayemwita Redio kwa sababu hazimiki, aliniuliza kama nimeolewa na seremala bila kuwaalika. Nilicheka mpaka nikashika mbavu. Wakati ule bado nilikuwa nacheka.

Usahaulifu ulikuwa umeshamwanza Baba, hilo unalijua. Chumvi kwenye chai, viatu kwenye kabati la vyombo, na kila jioni kuuliza Mama amechelewa wapi, Mama tuliyemzika miaka tisa iliyopita. Lakini akishika ubao anarudi kuwa Baba. Ndipo siku moja akatoa shauri kwamba tujenge banda la mbao nyuma ya nyumba, sebule ipumue na yeye awe na mahali pa kwenda asubuhi. Kisha akaweka sharti, kaka, sharti lake mwenyewe, hakuna aliyemtuma. Alisema tutaanza na sakafu. Sakafu ikikaa, yeye bado ni fundi. Isipokaa, nimgawie vyombo vyake yeyote anayevihitaji, na asisikie tena habari za mbao ndani ya nyumba hii.

Alilisema hilo akiwa na akili zake timamu, akinitazama machoni. Nikaomba likizo ya wiki mbili.

Ua wetu unashika maji, kwa hiyo sakafu ilibidi iinuliwe. Tulipanga matofali ya saruji safu tatu, tukalaza boriti juu yake, na Baba akapiga pimamaji kila mahali, akichomeka vipande vya mbao pale palipobonyea. Juu ya boriti akaunga fremu ya nje kwa mbao za mbili kwa sita, zile ngumu alizozihifadhi chini ya kitanda chake miaka nenda miaka rudi bila kumruhusu mtu kuzigusa. Akapima fremu kona kwa kona, kisha zile kona nyingine mbili, vipimo vikalingana sawasawa. Alinikonyeza. Siku mbili zile hakuuliza Mama yuko wapi hata mara moja. Nikajisemea moyoni, jamani, kumbe dawa ilikuwa chini ya kitanda.

Zikabaki zile mbao za kupita katikati, zinazobeba plaiwudi, ambazo yeye huziita mbavu. Mbavu saba. Hapo ndipo nilipoharibu.

Unaijua tepu ya Baba. Ncha yake ilikatika kabla mimi sijazaliwa, na namba za mwanzo zilishafutika, ndiyo maana kwa Baba kila kipimo kinaanzia sentimita ya kumi. Anayepima anaanzia kumi, anayekata anaanzia kumi, inayotajwa ni namba inayoonekana, na hakuna anayetoa ile kumi kichwani. Wewe mwenyewe ulizabwa kofi la kisogo siku ulipojitia kutoa. Mimi nilikoseshwa hesabu nzima ya jometri darasa la nne kwa kuanzia kumi kwenye rula, na Baba akaenda shuleni kumweleza mwalimu kwamba mwalimu ndiye hajui. Nilikua nikidhani dunia nzima inaanzia kumi.

Basi mimi, kwa ujuaji wangu, nikanunua tepu mpya. Ya njano, ncha yake nzima, inajirudisha yenyewe. Nilitaka kumfurahisha. Baba akaishika, akaisifia, akaiweka mfukoni mwangu, akaendelea na yake.

Siku ya mbavu mawingu yalikuwa yamejikusanya, na zile mbao hazikutakiwa kulowana. Yeye alikuwa kwenye benchi, tulilokuwa tumelitoa sebuleni na kuliweka chini ya upenu, mimi nikiwa kwenye fremu. Nikatoa tepu yangu mpya, nikabana ncha kwenye ubao wa huku, nikavuta mpaka wa kule, nikasoma, nikapaza sauti, "Mia mbili thelathini!" Naye akaitika kwa furaha, "Mia mbili thelathini, saba!" Nikasikia msumeno unaanza. Yeye alianzia kumi, kama ilivyompasa. Mimi nilianzia mwanzo kabisa, na sikumwambia.

Kwa kawaida Baba hukata mmoja, akaujaribu mahali pake, ndipo akakata nyingine. Siku hiyo alikata mmoja, akauinua begani ili aje kuujaribu. Nani alimwambia, "Kata zote tu Baba, mvua hiyo"? Mimi. Mimi huyu huyu.

Alikuja na ubavu wa kwanza, akaulaza ndani ya fremu. Ukapwaya. Akausukuma upande mmoja, pengo likabaki upande wa pili, sentimita kumi kamili. Si tisa, si kumi na moja. Kaka, nilijua hapo hapo. Kabla hata hajauinua tena, nilishajua ni nini kimetokea na ni nani aliyekifanya.

Yeye hakujua. Akaugeuza. Akachukua wa pili, wa tatu, akajaribu zote saba, kila mmoja kwa upole kana kwamba huo ndio utakaotosha. Usinieleze kwamba kosa lile lilirekebishika, nalijua. Baba wa zamani angecheka, angenitukana kidogo, angepunguza fremu kwa upana huo wa kiganja, na kabla ya mvua tungekuwa tunapigilia misumari. Lakini Baba wa siku ile alikuwa amejiwekea sharti. Alikaa juu ya boriti akasema, "Basi. Nimekwisha." Hakulia wala hakukasirika. Akaufuta msumeno kwa kitambaa cha mafuta, akanikabidhi.

Nami nikaupokea. Nikanyamaza.

Utaniuliza kwa nini. Najiuliza kila siku. Ulikuwa umeniandikia kwamba nimnyang'anye msumeno kabla hajajikata mkono, nami nilikuwa nimekataa na kukuita mwoga. Lakini huku ndani nilikuwa naogopa kuliko wewe. Kila akikata nilikuwa nimeuma meno. Nilikuwa nimeshaficha patasi mbili na kumwambia hazionekani. Kwa hiyo aliponikabidhi msumeno mwenyewe, kwa hiari yake, kuna kitu ndani yangu kilishusha pumzi. Nikasema moyoni, acha liishie hapa, bila mimi kuwa mbaya. Neno moja tu lilitakiwa, "Baba, ni tepu," nami nililibana mdomoni mpaka mvua ikanyesha tukaingia ndani. Sina la kujitetea.

Nilijiambia nitamwambia kesho. Kesho yake hakuamka kunyoa ndevu. Kesho kutwa hakutaka chai. Wiki ya kwanza alikuwa anafika mlango wa nyuma, anaitazama ile fremu ndani ya tope, anarudi. Wiki ya pili hakufika mlangoni. Mikono yake unaijua, haikukaa bure hata siku moja. Sasa inalala mapajani, naigusa ni ya baridi. Redio alikuja kumsalimu, akakaa robo saa bila kusema neno, akaondoka akifuta macho. Redio, kaka! Hapo ndipo nilipojua tumefika pabaya.

Nimempeleka hospitali mara mbili. Daktari anasema ugonjwa wenyewe ndivyo ulivyo, unashuka ngazi ghafla, nisijilaumu. Ni mtu mwema, na anasema anachokijua. Lakini hakuwepo uani. Hakumwona akijaribu ubavu wa saba.

Tangu mwanzo wa mwezi hanijui tena. Ananiita dada, kwa heshima, kama mtu anayemshukuru muuguzi. Nikimwogesha ananiomba radhi.

Alhamisi iliyopita nilishindwa kuvumilia. Nilimtoa nje, nikamkalisha kwenye ngazi ya mlango wa nyuma, nikaleta tepu zote mbili na ubavu mmoja nikaulaza magotini mwetu. Nikamweleza yote. Nikapima mbele yake kwa tepu mpya, nikapima kwa ile yake, nikamwonyesha ile kumi ilikopotelea. Nikamwambia nilijua tangu dakika ile nikanyamaza, na aliyekata hakukosea hata kidogo. Nililia kwa sauti, majirani wakisikia wasikie. Yeye alisikiliza kwa makini yote, akipitisha kidole mahali msumeno ulipopita.

Nilipomaliza akasema, "Pole sana, dada. Huyo fundi wako ni hodari. Tazama alivyokata." Kisha akaniuliza yuko wapi siku hizi. Nikamwambia ameacha kazi, anadhani kosa lilikuwa lake. Baba alisikitika, kaka. Alisikitika kweli kweli, akatikisa kichwa. "Mfuate," akasema. "Fundi haachi kazi kwa ajili ya tepu ya mtu mwingine. Mwambie arudi."

Nikamwambia nimejaribu, hanisikii.

Akafikiri. Akaniuliza, "Ana watoto?"

Nikamwambia anao wawili.

"Basi waambie watoto wake waende wote," akasema. "Mmoja akienda peke yake, atadhani anabembelezwa tu."

Ndiyo sababu ya barua hii. Usitume chochote, wala usinipigie simu kunifariji, sitapokea. Njoo. Sijui kama itasaidia, na moyoni mwangu siamini tena kwamba itasaidia, daktari naye haamini. Lakini ndilo agizo la mwisho alilolitoa akiwa na mpangilio wa maneno, na alilitoa kwa ajili ya mtu ambaye hakujua kuwa ni yeye mwenyewe. Tangu Alhamisi ile hajasema sentensi ndefu kuliko "ahsante, dada". Ukichelewa tutakuwa tunauambia ukuta.

Mpe wifi salamu zangu nyingi, mwambie kitambaa chake kilifika na ni kizuri, sijapata tu moyo wa kukishona. Wasalimie wanangu, yule mkubwa na yule mwenye maneno mengi, na shangazi ukipita kwake mwambie namkumbuka ila anisamehe kwa kutomwandikia. Redio naye anakusalimu, kwa kifupi, jambo ambalo peke yake ni habari.

Mungu akufungulie njia, akufikishe salama, na akukutanishe na Baba angali anageuka akisikia sauti. Nami anisamehe, kama wewe hutaweza.

Mdogo wako akupendaye, hata kama baada ya barua hii wewe hunipendi,

Kitinda mimba.