Papa Bado Anajibu "Muzuri Tu"

Brisele

Mama yangu mpendwa,

Jambo sana. Mguu wako unaendeleaje? Je, sasa unaweza kupanda mtumbwi kuvuka mto kutoka Alunguli, au bado unatuma watu sokoni? Ningeandika kwamba sisi huku ni wazima, maana ndivyo barua za kwetu zinavyoanza, lakini safari hii kalamu imekataa. Naogopa, Mama.

Upasuaji ulikwisha salama. Papa amewekewa ini la mtu aliyefariki, ambaye jina lake hatuambiwi. Siku za kwanza alikaa kitandani, akala, akaniagiza nipige pasi abakosti, ile suti yake ya safari ya kurudi. Mimi nikacheka kwa furaha.

Kumbe kazi ndiyo inaanza. Daktari wake, mwanamke kijana, amenieleza kwamba mwili unaweza kulikataa ini la mgeni hata baada ya kulipokea vizuri. Kwa hiyo kila asubuhi wanatafuta dalili kabla hatari haijafika. Wanapima damu, wanamtazama macho dirishani kama yamekuwa ya njano, wanaangalia nyongo inayotoka tumboni kwa mpira mdogo. Lakini kwanza wanamuuliza mwenyewe ameamkaje, nami natafsiri.

Na unamjua mume wako. Siku ile reli ilipomponda kidole kazini alikusalimu kwanza, akauliza habari za watoto, ndipo akafungua kitambaa.

"Papa, sema penye inauma," namwambia.

"Mutoto wa watu anasimama pa mulango, ananiuliza habari, nimutupie magonjwa mbele hata hajaikala kwa kiti?"

"Huyu haikale, Papa. Akisikia muzuri, anaandika muzuri, anaenda."

"Basi aende muzuri."

Jana asubuhi nilimkuta anatetemeka chini ya blanketi. Mkono wake ulikuwa wa moto, na ile nyongo, iliyokuwa nzito na nyeusi, imekuwa nyepesi kama chai iliyozidi maji. Daktari akaingia, akauliza. Papa akajikaza, akatabasamu: "Muzuri tu, munganga. Na kwenu?"

Nikasema kwa Kifaransa, "Anasema yu mzima. Si kweli. Mshike mkono."

Kifaransa chake cha kazini relini kilimtosha kuelewa. Aligeukia ukuta. "Unanivua nguo mbele ya watu," akasema, na tangu hapo hajasema nami.

Wakachukua damu palepale. Kesho watatoa kipande kidogo cha ini wakichunguze. Daktari anasema dawa kali ipo kama tumewahi. Nikamuuliza, na kama tumechelewa? Akapanga karatasi zake, akatoka. Sijalala vizuri, Mama. Kila nikimtazama macho naona njano, hata pale ambapo haipo.

Mtume kaka akutafutie kaseti, unase sauti yako, umpe yule sista wa misheni anayekuja huku. Mwambie Papa kwa sauti yako aseme panapouma. Mimi ni mtoto wake tu, hawezi kunisikia.

Nisalimie shangazi muuza majani ya sombe, na babu mlinzi wa bandari, na wifi yangu aliyejifungua. Waambie waombe, wasilie bado.

Na utakapozungumza kwenye hiyo kaseti, nakuomba, usianze na "hatujambo". Anza na mguu wako. Mwambie unavyokuuma usiku, useme yote. Akikusikia wewe, labda naye atathubutu.

Mtoto wako,
Feza