Jibu la Mzee Paresh Ulilolikata

Al Wukair, Doha
14 Februari 2025

Mpendwa mdogo wangu Marvin,

Hamjambo huko Keroka? Goti la Mama linaendeleaje? Mimi ni mzima, Mungu anasaidia. Vumbi limetusumbua wiki hii, na kazi ya kulinda mlango huko West Bay ni ileile.

Mzee Paresh amefariki. Ni yule Mbengali fundi bomba aliyelala kitanda cha chini ya changu, niliyekuambia kwamba kwao Bangladeshi alikuwa malenga wa papo kwa papo. Hakuandika ubeti hata mmoja. Ngoma ikilia, alisimama, maneno yakamjia. Huko kwao amefundisha vijana wengi.

Desturi yao ni kushindana wawili. Mmoja humtukana mwenzake kwa mashairi mpaka amalize, na mwenzake hunyamaza, maana kumkatiza ni utovu wa adabu. Kisha naye hujibu. Mwisho hukumbatiana na kuimba pamoja, matusi yakaishia hapo.

Ijumaa ile, katika shindano hapa kambini, dereva mmoja wa kwao alimtukana hadi marehemu mkewe. Mzee alipojibu, kambi nzima ilisimama, na dereva akainama kumgusa miguu kwa heshima. Nilirekodi yote nikakutumia, nikidhani utafurahi.

Wewe ukabakiza matusi ya dereva tu, ukayaweka mtandaoni: "Babu anyamazishwa Qatar." Umechekesha wengi, hongera. Ilifika hadi kijijini kwake, na wanafunzi wake wakaamini amekwama mbele ya dereva. Nilikusihi uifute, ukasema inapendwa. Mkuki kwa nguruwe mtamu. Mzee aliniuliza mara moja tu jibu lake liko wapi.

Mwili umerudishwa, wameuchoma kwa mila yao ya Kihindu. Alitamani wanafunzi wake wamwimbie siku hiyo. Hakuja hata mmoja. Binti yake alimpigia dereva kumweleza, na dereva yule akalia kama mtoto.

Sasa unaniomba video nyingine. Huna haya, Marvin. Naona aibu kuwa ndugu yako.

Msalimie Mama, na Kwamboka na wanawe. Waambie nawakumbuka na kuwaombea kila siku.

Najua hapa ingefuata baraka yako, kisha neno la upendo, kama barua zote za ndugu. Lakini wewe hukata kabla ya mwisho. Nami nakata hapa.

Gerishon