Mbuzi wa Mwenyekiti

Jumanne, 2 Oktoba 1979

Kaluki wangu amefunga mbuzi wa mwenyekiti wa shule! Wote, kwenye goli la mpira! Nimecheka mpaka nikakaa chini.

Walikuwa wamekula kitalu — ile miche ya mipapai na mukau, mti wetu wa mbao, ambayo wasichana wa darasa la sita wameinywesha tangu Julai kwa maji ya kuchimba kwenye mchanga wa mto. Mwalimu Kagure aliwaachia wapange kazi wenyewe. Na wenyewe wakamchagua Kaluki awaongoze. Sio mimi niliwaambia!

Mzee Musembi, huyo mwenyekiti, akatuma mfanyakazi achukue mbuzi. Kaluki akakataa. Eti mnyama akikula shamba, mwenyewe ndiye huja kumchukua. Hapa Tawa nani hafanyi hivyo?

Basi mzee akaja, na koti la kanisa. Wewe mtoto, unajua mimi ni nani?

Ndiyo mzee. Ni wewe mwenye hawa mbuzi.

Wui! Akampeleka kitaluni, akamwinamisha mche kwa mche. Huu ni wa Kalondu. Huu ni wa Mbula, mjukuu wako. Halafu akamrudishia mbuzi wake, kamba kwa mikono miwili, kwa heshima.

Hicho kichwa ni changu, sio cha baba yake.

Jumatano, 3 Oktoba

Sicheki tena. Hedimasta anataka Kaluki apige magoti Jumamosi mbele ya wazazi, aombe mzee msamaha. Akikataa, kitalu wapewe wavulana, na wasichana warudi kufagia madarasa.

Kufagia!

Baba yake naye: Mama Kaluki, si apige tu magoti? Ni dakika moja. Mzee ni mzee.

Nikamwambia chakula kiko jikoni, ajipakulie. Na magoti apige yeye.

Alhamisi, 4 Oktoba

Nilivaa viatu nikaenda kwa hedimasta. Nikauliza, kosa ni gani? Mbuzi walikula au hawakula?

Walikula, mama. Lakini mtu mzima hainamishwi na mtoto.

Kumbe kuharibu si kosa, kosa ni kuonyeshwa! Nilisema hivyo, kwa sauti, hata darasa la kwanza wakanyamaza. Akaniuliza nilisoma mpaka wapi. Nikamjibu, mpaka la nne, na ofisi yako nimefika bila kuonyeshwa njia.

Nikatoka, sikuaga.

Ijumaa, 5 Oktoba

Nilimwambia Kaluki akatae. Nitasimama na wewe, mwanangu, wanifukuze hata kanisani.

Alikuwa anatoa udongo kwenye kucha. Akasema, Mwaitu, mama, nikikataa, wenzangu wananyang'anywa kitalu. Nikipiga magoti, Jumatatu nitawaambia nini wanisikie?

Nikakasirika zaidi. Mtoto wa darasa la sita kupewa mzigo kama huo! Na wanaume wenye makoti!

Jioni nikapita shuleni. Wasichana wanavuta matawi ya miiba, wanaziba ile njia ya mkato mzee hupitia na mbuzi wake. Mbula mwenyewe anagandamiza matawi kwa jembe! Kaluki anaonyesha tu kwa kidole: hapa bado, hapa ongeza. Nikauliza nani amewatuma. Hakuna aliyeinua kichwa.

Sasa amefua sare yake, ameianika kwenye uzio. Hasemi atafanya nini. Mimi siulizi.

Kesho Jumamosi, saa tatu, wazazi wote. Mzee Musembi itabidi azunguke.