Ile Tano Ilikuwa ya Mukono Wangu

Mudogo wangu mupenzi Bahati,

Nilikukosea. Wale watu wa bunduki pa bariere ya barabara walikutesa, lakini mimi yaya yako, mukubwa wako, njo nilikutia mu mikono yao, kisha nikanyamaza mpaka leo.

Unakumbuka volkano ilipolipuka, tukakimbilia Sake, tukalala mu klase ya shule? Kila wakati udongo ulitetemeka watoto walilia. Ukakamata kala moja ya makaa, ukachora pa simenti ule mucheze wako wa namba: vyumba sita kwa sita, namba moja mpaka sita, hakuna namba ya kurudi mara mbili mu safu ya kulala, wala ya kusimama, wala mu kipande kimoja cha vyumba sita. Kisha ukapitisha mustari wa kupindapinda mu vyumba ine.

"Hii ni njia ya moto," uliwaambia. "Inatoka kwa mulima, inashuka kwa ziwa. Kila chumba, namba inapunguka."

Bibi yako Furaha akasema, "Huyu bwana yangu, hata lava anaitafutia masomo!" Watu wakacheka. Tangu tutoke Goma hakuna mutu alikuwa amecheka.

Kisha vita ikarudi. Siku tulienda kuona mama kule Kiwanja, mu taksi ulinichorea mucheze moja pa karatasi. Ulinielezea mambo ya mustari, mi sikusikiliza. Nilijifanya mujuzi, nikajaza namba na kalamu ya bik. Uliponiomba uone, nikaficha mu mufuko: "Ngoja, sijamaliza."

Pale pa bariere wakaniingiza mukono mu mufuko.

"Hii karte, hii ramani ya njia, ni ya nini? Nani alichora?" shefu wao akauliza.

Hakuna mutu alikuwa amenipiga. Hata sauti hawakupandisha. Nikakuonyesha na kidole: "Ni ya huyu."

Ukasema pole pole, "Shefu, ni mucheze tu. Huu mustari ni njia ya moto ya mulima, namba inashuka kuufuata."

Akafuata mustari na ukucha. "Sita. Ine. Mbili. Tano." Akaangalia wenzake. "Uliona wapi moto inarudia mulima, weye? Uko unatudanganya."

Uliangalia ile tano, kisha ukaniangalia. Maandiko yangu unayajua tangu utoto. Haukusema ni nani alijaza. Mi pia. Kusema "ni mimi nilikosea" ingenichukua wakati gani? Waliniacha nipite, wakabaki na wewe, na ulipotoka kwao mugongo yako haikuweza tena kubeba hata bidon ya maji.

Iko jambo ingine haujui. Siku baba mukwe wako alirudisha Furaha kwao Kituku, nilikuwa pale, nakunywa sukari yake, soda ya chupa. Alisema, "Mutoto wangu hawezi kukaa na mutu anachoraka makarte mu vita. Atafanya watuue sisi wote." Kisha akanigeukia: "Si ulikuwa pale, papa? Karatasi ilikuwa yake?"

Nikajibu, "Ndiyo." Nikamaliza chupa.

Sasa mama ananiambia watoto wa jirani wakikuomba uwachoree, unawafukuza. Ananiuliza mimi kwa nini. Mimi! Naangalia chini, nasema sijui. Niko na mvi, Bahati, na nimekuwa mutu wa kuangalia chini mbele ya mama yake.

Samedi hii, siku ya Jumamosi, mbele ya saa sita ya mchana, nitakuwa Kituku kwa baba mukwe wako. Nimemuomba akusanye Furaha na ndugu zake wote. Anafikiri nakuja kuomba yeye akusamehe. Sitakaa pa kiti na sitakunywa kitu. Nitawaambia karatasi ilitoka mu mufuko yangu, kosa ni la mukono wangu, na wewe uliteswa juu haukutaka kunitaja. Wakinifukuza, nitasimama pa mulango mpaka akupigie simu yeye mwenyewe na Furaha asikie.

Msamaha sikuombi bado. Naomba tu samedi usizime simu.

Yaya yako, mwenye haya