Kitenge chenye Sura ya Gavana

Odo-Ayo, 4 Novemba

Mwanangu Olaitan,
Hujambo huko Ikulu ya jimbo? Sisi wazima, ila goti langu linanisumbua kama mke mwenza. Harusi ya dada yako Morenike imeiva. Kwa vile Gavana Fatunmise amekubali kuja, akina mama wote wa soko tumenunua sare, kitenge chenye sura yake. Kapendeza kuliko alivyo! Wewe unayempangia safari, hakikisha anafika.
Mama yako

Ikulu, 9 Novemba

Shikamoo Mama, nalala kifudifudi kukuamkia, kama mila yetu, hapa hapa ofisini.
Kaa kitako kwanza. Jana mahakama ilifuta ushindi wa Fatunmise, na jioni hasimu wake Okeowo akaapishwa. Picha za ukutani zimeshabadilishwa. Kadi yenu iliandikwa "Mheshimiwa Gavana", kwa hiyo atakayekuja ni huyu mpya. Mama, akiikuta sura ya Fatunmise mwilini mwenu, mimi sina kazi. Nakusihi, badilisheni sare.
Mwanao

Odo-Ayo, 12 Novemba

Mwanangu,
Nimecheka, kisha nikakuonea huruma. Harusi ni Jumamosi, kitenge kingine tutakitoa wapi? Lakini mama yako hajazeeka akili. Tutavaa blauzi nyeupe, na vitenge tutavifunga sura zote zikae nyuma, pale pa kukalia. Tukiketi, haonekani mtu.
Halafu Fatunmise kanipigia. Anauliza kama bado amealikwa, maana siku hizi simu yake hailii. Nimemwambia aje ale.
Mama yako

Ikulu, 13 Novemba

Mama! Wote wawili, turubai moja? Basi nitafutie kibanda hapo sokoni niuze vitunguu.
Mwanao

Odo-Ayo, 18 Novemba

Mwanangu,
Tangu uondoke harusini na msafara wa Gavana hujaandika. Umefukuzwa? Roho yangu haijatulia. Tulikuwa tumeketi vizuri kabisa, mpaka mpiga ngoma akaanza kuutaja ukoo wetu kwa sifa. Hapo nani angebaki kitini? Tukainuka, tukacheza, tukageuka, na Okeowo akatazamana na Fatunmise kila upande. Na Fatunmise mwenyewe, mdomo umejaa wali, akasimama kupunga mkono! Niandikie hata neno moja.
Mama yako

Ikulu, 21 Novemba

Mama, shikamoo.
Leo Gavana kaniita. Nimeingia vitu vyangu nimeshavifunga kwenye boksi.
"Mama yako," akasema, "ndiye aliyempakulia Fatunmise?"
"Ndiye, Mheshimiwa."
"Kwa mkono wake?"
"Kwa mkono wake, tena akamwongezea nyama."
Akaitazama picha yake ukutani. Kisha akasema, "Muulize. Siku yangu ikifika, na mimi nitaitwa?"
Boksi nimelifungua. Nimjibu nini?
Mwanao

Odo-Ayo, 24 Novemba

Mwanangu,
Nimemshukuru Mungu hadi goti likasahau kuuma. Mwambie ataitwa, tena asingoje kufukuzwa. Jumapili natwanga viazi vikuu. Fatunmise atakuwepo na mkewe, wameshazoea. Ila ving'ora aviache huko huko, mtoto wa jirani hulala saa hizo. Nawe uje, hukuonja hata wali wa harusi ya dada yako.
Mama yako